Roboti Iliyotumwa Kisii Siku ya Sabato

Keumbu,
Jumapili, 2 Februari 2025

Kwa Kemuma, dada yangu mdogo,

Kaa chini kwanza. Barua hii imeandikwa na mkono ambao juzi ulifufua simu iliyozama chooni, na haikuamka hivi hivi, iliamka ikiwa na chaji. Watu wa Keumbu wanasema tangu soko hili lianze hapajatokea kichwa kama hiki changu. Mama mmoja aliniletea mtoto wake anayeanza shule, akaniomba nimguse kwenye paji la uso. Nilimgusa, lakini kwa kidole kimoja tu. Kichwa cha mtoto ni kidogo, akili zangu zote zingemwagika.

Nyumbani sote wazima. Mama magoti yanamsumbua asubuhi akienda kuchuma chai, ila ulimi haumsumbui hata kidogo. Ng'ombe amezaa ndama jike. Nilitaka tumwite Kemuma, Mama akakataa, akasema huyu ndama ni mtulivu.

Mwalimu Angwenyi, najua unasoma hii kabla yake, maana ndiyo sheria ya shule yenu iliyokataza simu. Bwakire buya, Mwalimu, umeamkaje. Asante kwa kupita kwenye kibanda changu cha simu kila Jumapili kuchukua barua ukirudi huko Nyamira. Ukifika hapa kwenye sifa zangu usiruke.

Sasa jambo lako. Nimesikia: mwanafunzi wa zamani amewaletea sanduku la vipande vya roboti, mmekuwa wasichana wanne kwenye klabu, mashindano ni Juni mjini Kisii, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuandika programu. Mwalimu naye ni wa kemia. Na mkuu wa shule amesema mkienda kuaibisha shule, sanduku linaingia stoo na kufuli juu.

Halafu unaniuliza kama najua mambo ya programu. Unaniuliza mimi, niliyetoa Kichina kwenye simu ya pasta wenu na Kichina chenyewe sikijui?

Anzeni hivi. Unganisheni roboti na ile kompyuta. Iambieni iende mbele sekunde tatu. Ikienda, mmekuwa wataalamu. Mengine nitawapa kidogo kidogo nisije nikawachoma ubongo.

Kaka yako ambaye hana mfano,
Ochoki


Nyamira,
16 Februari 2025

Kaka Ochoki,

Salamu kutoka kwa watu wanaooga maji ya baridi saa kumi na moja. Mimi ni mzima. Kikohozi kiliisha. Mwambie Mama ile sweta imenitosha, na ndama mwiteni Ochoki. Ni jike lakini haidhuru, mradi apige kelele.

Tulifanya ulivyosema. Asubuhi iliambiwa sekunde tatu, ikaenda mpaka mguu wa meza. Tukapiga makofi hadi darasa la jirani wakaja kuchungulia. Jioni tukairudisha mahali pale pale, programu ile ile, sekunde tatu, ikaishia katikati ya njia. Lavender akasema imechoka, tuiache ilale.

Kuna msichana anaitwa Valentine, wa Marani, analala kitanda cha juu yangu. Huwa haongei. Yeye ndiye aliyesema, "Si ni betri?" Tukaijaza betri, ikaenda mbali tena. Kwa hiyo sekunde hazitufai. Sasa tufanye nini, ewe usiye na mfano?

Mwalimu Angwenyi anakusalimia. Anasema zile sifa alizisoma mara mbili kutafuta iliyo ya kweli.

Kemuma


Keumbu,
3 Machi 2025

Kemuma mpendwa,

Mama anasema amani iwe nawe na uache kula chipsi za kantini. Mvua imekubali. Migomba ya nyuma ya jikoni imelala yote kwa upepo, kwa hiyo tunakula ndizi asubuhi, mchana na jioni. Hata mbwa amechoka nazo.

Swali lako nililifikiria nikiwa mjini Kisii, kwenye duka la Ratilal ninakonunua waya. Kuna kijana wake, Sagar, aliyesomea kompyuta Nairobi akarudi kuuza balbu. Nilimruhusu asimame karibu nikifikiria.

Jibu ni hili. Roboti haijui sekunde zako zina maana gani, wala haijui meza iko wapi. Inachojua ni gurudumu lake limezunguka mara ngapi. Ihesabieni mizunguko, siyo sekunde. Betri ikiwa dhaifu itatembea polepole, lakini itafika.

La pili: msianzie kwenye kompyuta. Andikeni safari yote ubaoni kwa Kiswahili cha kawaida, kisha mmoja wenu ajifanye roboti, afungwe macho na leso, afanye anachoambiwa tu, asiongeze akili yake. Nilimjaribu Sagar dukani. Nikamwambia, "Mbele." Akaenda. Akaendelea kwenda. Akagonga rafu ya balbu! Namuuliza, "Mbona hukusimama?" Ananijibu, "Hukusema nisimame." Hapo ndipo nilipomfundisha kwamba kila "nenda" inataka "simama" yake. Maskini, alishukuru sana.

La tatu: badilisheni kitu kimoja, jaribuni, ndipo mbadilishe kingine. Mkigusa viwili kwa pamoja na ikaharibika, mtalaumiana bure.

Nimechoka kuwa na hekima. Ngoja nikauze kava.

Ochoki


Nyamira,
11 Mei 2025

Kaka Ochoki,

Natumaini mko salama tangu niwaache likizo ilipoisha. Mama alinitembelea Jumapili iliyopita na chapati na habari. Anasema alipita kwa Ratilal kununua balbu ya jikoni, na Sagar akamwonyesha ile rafu. Akamwambia pia ni nani aliyekuwa amefungwa leso. Tulicheka mpaka askari wa getini akaja kuuliza kama kuna shida.

Lakini asante. Ile ya leso ilitufungua macho. Lavender akiwa roboti alitembea hadi kwenye ndoo ya kupigia deki, na tangu siku hiyo hatujasahau "simama."

Sasa sikia tulipofika. Mashindano yenyewe ni meza nyeupe yenye mstari mweusi. Roboti inabeba kikapu kidogo kutoka kona inayoitwa shamba, inafuata mstari, inapinda mara moja, inakiweka kwenye kituo cha kununulia chai. Inaona mstari kwa jicho dogo lililo chini ya tumbo. Hayo yote ya mwendo ameandika Valentine. Inatembea taratibu kama mama mjamzito anayetoka kisimani, lakini inafika. Kila mara inafika. Juzi nilimwona Valentine akicheka peke yake, meno yote nje. Sikujua ana mwanya.

Sasa tatizo. Ilikuwa tushindane Ijumaa. Ukumbi umechukuliwa na harusi, wamesogeza hadi Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni. Unaijua shule yetu ya Wasabato. Sabato hakuna anayefungua hata kitabu cha hesabu, na nyumbani nimelelewa hivyo hivyo.

Lavender akasema, "Lakini roboti inafanya kazi yenyewe! Sisi tunaimaliza Ijumaa kabla jua halijazama. Jumamosi sisi tuko kanisani, yenyewe iko mezani."

Valentine hakupenda. Alisema, "Na kama hata yenyewe haitakiwi kwenda?"

Mwalimu Angwenyi akampelekea pasta swali hilo. Pasta akauliza, "Nani atabonyeza?"

Ndipo jina lako likatajwa. Pasta anakukumbuka kwa ile simu yake. Alisema kama ni Ochoki wa Keumbu, huyo hatumwondoi kanisani, kwa sababu hayumo. Waandaaji wamekubali mtu mmoja aiweke mezani na kubonyeza.

Utakwenda? Ni kubonyeza tu.

Kemuma


Keumbu,
18 Mei 2025

Dada yangu,

Tuko salama, na ndama ameanza kula nyasi.

Kidole kinachotakiwa ni hiki hapa. Nimekiosha. Nitakipaka mafuta kuanzia Alhamisi.

Mama aliposikia alimaliza kwanza kusonga ugali, kisha akasema, "Mungu anaona mpaka Kisii mjini." Nikamwambia vizuri, basi ataona tukishinda. Amenifukuza jikoni na mwiko mkononi. Lakini shati langu jeupe amelifua, na lile hulifua kwa sababu ya mazishi tu.

Mwambie Valentine asiogope. Sagar atakuja na mimi kunishikia mkoba.

Mbonyezaji Mkuu wa Kaunti,
Ochoki


Keumbu,
15 Juni 2025

Kemuma,

Natumaini u mzima, na Mwalimu, na Lavender, na Valentine, na wa nne wenu ambaye hujawahi kuniambia jina lake, na mkuu wa shule, na mpishi. Mama ni mzima. Mimi ni mzima. Jirani Bosire ameoa. Harusi ilikuwa na wali mwingi kuliko watu, na soda za rangi zote, na mjomba wake alicheza mpaka kiatu kikafunguka kikaruka kwenye sufuria.

Mwalimu atakuwa ameshawaambia. Roboti ilianguka kutoka mezani.

Lakini ungeiona ile meza! Imepigwa rangi jana yake, inateleza kama imepakwa samli. Halafu taa zao kali, nadhani lile jicho lilipofushwa. Halafu kelele. Halafu kulikuwa na upepo, mlango ulikuwa wazi. Halafu wale waamuzi, mmoja alikuwa anakula njugu na maganda yanaanguka, siwezi kusema yalianguka mezani lakini siwezi kusema hayakuanguka. Na ninyi ni mara ya kwanza. Timu nyingine iliwaka moto, kidogo. Kwa hiyo siyo aibu. Mwakani mtawafagia wote.

Roboti nimemrudishia Mwalimu nikiwa nimeifuta vumbi. Haikuvunjika kitu ila mkono wa kikapu umepinda.

Usilie. Nakujua, unalia mpaka pua inavimba.

Ochoki


Nyamira,
22 Juni 2025

Kaka Ochoki,

Salamu. Mwambie Bosire hongera.

Sikulia. Nilinyoosha ule mkono wa kikapu, nikajaza betri, nikaiweka kwenye meza yetu. Imefika. Tukamwaga maji kidogo mezani, ikafika. Lavender akaleta tochi akaimulika jicho, ikafika. Tukaacha mlango wazi. Tukamwaga hata maganda ya njugu, Kaka. Ikayapanda, ikafika.

Mkuu wa shule ametuita. Hakufoka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema kuanguka siyo neno, anataka kujua sababu. Tukiweza kumweleza kabla shule haijafungwa ni kitu gani kilikosewa, klabu itaendelea. Tusipoweza, ina maana hatujui tunachofanya, na sanduku litaingia stoo.

Sababu hatuna. Ila Valentine anayo yake. Yeye ndiye aliyekaza skrubu za lile jicho Ijumaa, jua likiwa linagusa paa la kanisa, akifanya kwa haraka. Kwanza alisema, "Nililikaza vibaya." Tukamwonyesha kwamba limekazwa sawasawa. Basi siku iliyofuata akasema jicho halina makosa, programu haina makosa, kwa hiyo ni Mungu. Tulimtafutia Mungu njia ya kuzunguka Sabato yake, naye akatukatalia mbele ya watu. Hajaja klabuni tena. Anakunja blanketi lake asubuhi bila kunisemesha.

Niandikie ulichofanya tangu ulipoiweka mezani mpaka ikaanguka. Kila kitu. Usiweke mzaha.

Kemuma


Keumbu,
29 Juni 2025

Kemuma,

Tuko salama. Chai inachumwa. Ndama anaendelea vizuri. Niliiweka mezani, nikasubiri taa ya kijani, nikabonyeza. Mwambie Valentine asijali.

Ochoki


Nyamira,
13 Julai 2025

Kaka Ochoki,

Natumaini Mama ni mzima. Hukumtaja.

Ukinidanganya kwa utani unaandika mpaka karatasi inaisha, unaongeza pembeni. Nimekuzoea, na napenda. Barua yako hii ya mwisho ningeweza kuishika yote kwenye kiganja.

Valentine amemwomba mama yake amhamishie shule ya kutwa karibu na kwao Marani. Anaondoka tukifunga. Kompyuta ameiacha kama somo. Jana usiku nilimsikia akiomba msamaha, kwa sauti ya chini, kwa sababu ya gari dogo la plastiki.

Sikuulizi tena. Nimekuambia tu.

Kemuma


Nyamira, nje ya geti lenu,
Alhamisi, 17 Julai 2025

Kemuma,

Sikungoja Jumapili. Nimefunga kibanda, nimekuja mwenyewe, na askari amenikataza kuingia kwa sababu siyo siku ya wageni. Amenipa ubao wa kuandikia na ananitazama kama mwizi wa kuku. Mama ni mzima. Nisamehe kwa kutomtaja. Nilishindwa kumtaja huku nikidanganya.

Mwalimu Angwenyi, barua hii isome, kisha mpe Kemuma aisome darasani kwa sauti, Valentine akiwepo. Na mkuu wa shule pia aje kama ana nafasi.

Siku ile tulifika mapema. Nilivaa lile shati. Kijana mwenye kipaza sauti akauliza timu ya Nyamira iko wapi, nikanyoosha mkono, akatangaza, "Huyu hapa mwalimu wao!" Kemuma, mimi. Ukumbi mzima ukageuka. Hakuna aliyewahi kuniita hivyo, na tangu nitoke kidato cha pili hakuna aliyeniita chochote kinachofanana na shule. Nikakaa wima kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Timu nyingine zikaanza. Za wavulana wa mjini, zinakwenda fyuu, watu wanapiga mbinja. Ikaruhusiwa kila timu ijaribu mara moja kabla ya zamu. Nikaweka yenu. Ikaanza safari yake. Ilifuata mstari vizuri, ikapinda vizuri, ikaweka kikapu mahali pake hasa. Valentine, unasikia? Ilifika. Kwenye meza ile ile, taa zile zile, siku ile ile ya Sabato, ilifika.

Lakini ilichukua muda. Watu walianza kuongea mambo yao. Kijana mmoja akasema, "Hiyo ni roboti ama kobe?" Mwenzake akaniuliza, "Mwalimu, mbona umeileta ikiwa mgonjwa?" Wakacheka. Mimi ndiye huwachekesha watu, Kemuma, nachekesha soko zima. Sikuzoea kuwa upande ule mwingine.

Sagar aliniambia, "Iko sawa, usiiguse." Kisha akatoka kununua maji.

Mwalimu alikuwa amenipa kompyuta yenu kwa dharura. Nikaifungua. Sijui kuandika programu, na hilo nadhani mmelijua siku nyingi, lakini namba najua kusoma. Palikuwa na kipande kimoja cha kasi, kimeandikwa thelathini. Nikafuta nikaandika themanini, nikaituma kwenye roboti. Nikataka ipite kama zile nyingine, watu wanyamaze, waseme yule mwalimu wa Nyamira ni mtu. Sikuijaribu. Nafasi ya kujaribu ilikuwa imeisha.

Taa ya kijani ikawaka, nikabonyeza. Iliruka. Magurudumu yaliteleza pale pale ilipoanzia, ikaupita mstari kabla jicho halijauona, ikaenda moja kwa moja na kikapu chake mpaka ukingoni, na ng'ambo ya ukingo. Ule mlio ilipogonga sakafu bado nausikia nikifungua simu za watu.

Na siyo hilo ndilo baya kuliko yote. Kosa la ujinga mngelikuta. Mngefungua programu mkaona themanini, mngenitukana, mngecheka, ingekuwa imeisha. Lakini watu walipokuwa wanaokota kikapu, mimi nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya meza na roboti na kompyuta yenu. Nikarudisha thelathini, nikaituma tena kwenye roboti. Nikahakikisha. Ndiyo sababu mmetafuta hamjapata. Mmemwaga maji, mmemulika tochi, mmemwaga njugu, na mimi nikijua. Nilikuwa najua ulipoandika kwamba Valentine anajilaumu kwa zile skrubu. Nilikuwa najua nilipokuandikia habari za ndama.

Sagar anajua bila kuambiwa. Ananiuzia waya bila kuniangalia.

Valentine, sikujui kwa sura. Kemuma aliniambia una mwanya. Ile skrubu uliikaza sawa. Programu yako haina kosa hata moja. Na usimwombe tena Mungu msamaha kwa jambo hili, kwa sababu yeye hakuigusa roboti yako. Niliigusa mimi.

Ochoki